Nusu Inayotazama Bahari

Zabibu zilipofikia ukubwa wa mbaazi, Deolinda alijifunga kitambaa kichwani, akachukua mzigo wa vijiti vya matete, akaenda kuinua mizabibu yake. Kule Colares, pwani isiyo mbali na Lisbon, mizabibu haisimami. Upepo unaotoka baharini hauruhusu kitu kusimama, kwa hiyo mizabibu hutambaa mchangani kama maboga, na Julai ikifika lazima kila tawi liinuliwe kidogo na kuegemezwa kwenye kijiti, la sivyo mchanga wa moto huziunguza zabibu kwa chini. Ni kazi ya kupiga magoti. Deolinda alikuwa na miaka sitini na sita, na magoti yake yaliizoea kazi hiyo kuliko yalivyolizoea kanisa.

Kipande chake kilikuwa chembamba, mistari michache tu nyuma ya ua wa matete makavu, juu ya majabali ya Azenhas do Mar. Ng'ambo ya njia palikuwa na shamba kubwa la Bwana Duarte Vilhena. Mwaka ule halikuwa limepogolewa. Mizabibu ilijiotea ovyo, nyua zilikuwa zimelala chini, na katikati palisimamishwa ubao wenye picha ya nyumba nyeupe na mabwawa ya kuogelea.

Asubuhi ukungu ulipanda kutoka baharini kama ilivyo desturi yake. Kwa kawaida ukungu wa kule huja wote pamoja, ukafunika majabali, mashamba, kijiji na nusu ya mlima, kisha adhuhuri ukajiondokea. Siku hiyo haukufanya hivyo. Ulipita juu ya kipande cha Deolinda bila kukigusa, ukavuka njia, ukaingia shamba la Vilhena na kutua kwenye sehemu ya upande wa bahari. Ukakaa hapo. Ulikuwa na pande zilizonyooka na pembe kali, kama jibini lililokatwa kwa kisu.

Deolinda aliutazama, akamaliza mstari aliokuwa ameuanza. Kisha akajipangusa mchanga, akavuka njia. Alipofika ukingoni mwa ukungu alisikia jembe.

Alilijua. Kila mtu ana namna yake ya kuchimba mchanga, na huyu alikuwa akipiga haraka haraka, anapumzika kidogo, anaguna, halafu anapiga tena kwa hasira kana kwamba mchanga umemtukana. Alikuwa Aurélio, mumewe. Alikuwa amekufa tangu mwaka 1954.

Katika nchi ile mzabibu haupandwi juu juu. Mchanga hauna chakula. Chakula kiko chini kwenye udongo wa mfinyanzi, na udongo huo uko mbali, pengine kimo cha mtu, pengine cha watu wawili. Zamani wanaume ndio walioshuka kuchimba, na wanawake wakapokea makapu ya mchanga kwa juu. Kila mchimbaji alivaa kapu lake kichwani, kapu kubwa lililomfikia mabegani, ili mchanga ukiporomoka apate hewa ya kuvuta mpaka wenzake wamfikie. Ilikuwa kazi ya hatari, lakini hakuna aliyeulaani mchanga. Enzi za babu zao alipita mdudu aliyekula mizizi ya mizabibu ya Ulaya nzima, na mdudu huyo alishindwa kupita mchangani. Kwingine kote watu walilia na kupanda upya. Colares waliendelea na mizabibu yao ile ile, inayotambaa, yenye zabibu ndogo nyeusi zenye ganda gumu na divai inayokunja ulimi.

Mzee Bernardo Vilhena, baba yake Duarte, alikuwa na ardhi tupu ukingoni mwa bahari, mchanga na nyasi za chumvi. Alimwambia Aurélio: chimba, panda, jenga nyua, na shamba likianza kuzaa nusu itakuwa yako.

"Nusu ipi, bwana?" Aurélio aliuliza.

"Inayotazama bahari."

Walipeana mikono hapo hapo. Shahidi alikuwa Deolinda peke yake, naye alikuwa na mimba tumboni na kapu la mchanga kichwani.

Ilikuwa kazi ya miezi michache, na Deolinda hakuwahi kuwa na furaha kama ile tena. Walikula dagaa wa kuchoma na mkate wa mahindi ukingoni mwa mashimo. Aurélio alikuwa akipiga kelele kutoka chini, "Nakuona kisigino, mke wangu, kisigino kizuri hicho!" na wanawake wote waliopokea mchanga wakaangalia visigino vyao. Walikuwa wamebakiza mashimo machache tu ulipokuja upepo wa kaskazini, ule unaovuma mpaka mate yanakuwa ya chumvi. Wachimbaji wengine walikataa kushuka. Mzee Vilhena alipita na farasi wake, akasema miche inanyauka. Aurélio akashuka.

Walimtoa jioni. Kapu lilikuwa limemtoka kichwani na kuzama zaidi, na halikupatikana. Mzee Vilhena alikuja mazikoni na kulia machozi ya kweli. Baada ya arobaini Deolinda alipomwendea kuuliza habari za nusu, mzee alimpa kiti, akampa glasi ya divai, akamwambia kwa upole, "Makubaliano yalikuwa yangu na Aurélio, binti yangu. Na Aurélio hayupo."

Kwa hiyo Deolinda alifanya kibarua kwenye nusu ile mpaka mvi zikamjaa. Aliipogoa, aliiinua, aliivuna. Mwezi wa Septemba alibeba zabibu zake hadi gari la ng'ombe, baadaye hadi trekta, na harufu ya zabibu zilizokamuliwa ilipojaa kijijini mpaka ikaingia kwenye shuka, yeye aliijua ipi ilitoka upande wa bahari. Ilikuwa na chumvi kidogo.

Sasa aliingia kwenye ukungu. Ndani upepo ulikuwa umekufa. Shimo lilikuwa pale pale lilipokuwa, na Aurélio alikuwa ndani yake mpaka kifuani, na kapu kichwani.

"Nani huyo?" aliuliza. "Usikanyage ukingo, utanimwagia mchanga."

"Nimesimama mbali."

"Aa, samahani bibi. Nilidhani ni mke wangu. Saa hizi huwa ananiletea chakula."

Deolinda alikaza kitambaa chake kichwani.

"Leo atachelewa," akasema. "Nitakuletea mimi."

Alirudi nyumbani, akachoma dagaa, akakata mkate, akaongeza tini mbili. Aurélio alikula akiwa shimoni. Hakuvua kapu, aliingiza mkono chini yake, akatafuna humo humo gizani. Alipoinua kichwa kumeza Deolinda alimwona kidevu. Kilikuwa cha kijana, chenye mkwaruzo wa wembe.

"Mbona huvui hilo kapu ukala vizuri?"

"Mchanga bado unashuka, bibi," alisema Aurélio. "Sikiliza."

Ulikuwa unashuka kweli.

Siku chache baadaye habari zilikuwa zimeenea. Dukani, Tomásia aliyekuwa akiuza jibini, mishumaa na nyavu za nywele alimwangalia Deolinda kuanzia juu hadi chini.

"Nasikia mumeo karudi."

"Karudi kuchimba."

"Afadhali wewe. Wangu angerudi angekwenda moja kwa moja kwenye pipa." Tomásia akaegemea meza. "Na bado kijana?"

"Vile vile."

"We Deolinda! Bahati ya mtende hiyo. Na wewe unakwenda na kitambaa hicho cha kupikia? Jitie hata manukato kidogo, shoga."

"Hanijui. Ananiita bibi."

Tomásia alichukua kisu. Alikata jibini, akaliweka kwenye karatasi, akaongeza kipande kingine bila kukipima.

Wavuvi wa miamba waliopita njia ile walimsalimu Aurélio kutoka nje ya ukungu naye akawaitikia, ingawa aliwaita kwa majina ya baba zao. Padri aliulizwa kama isomwe misa. Alifikiri, akasema misa ni ya marehemu wanaopumzika, na huyu anafanya kazi. Watu wakaona ni sawa.

Aliyepata taabu ni Belmiro, msimamizi wa ujenzi, mtu wa kaskazini, mnene, aliyeletwa pamoja na mashine yake kusafisha shamba. Mashine yake iling'oa mizabibu ya upande wa mlimani kwa wiki moja. Mizizi ilitoka mchangani mirefu kama kamba za meli, na wazee walisimama njiani wakiwa wamevua kofia. Ilipofika kwenye ukungu ikakohoa, ikatoa maji puani, ikazima. Belmiro aliingia kwa miguu, akakaa kidogo, akatoka akijipangusa masharubu.

"Kuna fundi mle ndani," alimwambia Deolinda.

"Ni mume wangu."

"Mchapakazi. Nimemwomba apishe, kaniambia ana makubaliano na bwana. Mimi siwezi kuingilia makubaliano ya watu, shangazi. Nitampigia simu mwenyewe aje."

Duarte Vilhena alikuja kutoka Lisbon na viatu vya mjini. Hakuwa mtu mbaya. Utotoni alikuwa akitoroka nyumba kubwa kwenda kula mkate wa moto jikoni kwa Deolinda, na bado alimbusu mashavu yote mawili kila walipokutana. Alikuwa amerithi shamba, nyumba, madeni ya nyumba na sauti ya baba yake.

Deolinda alikuwa amevaa gauni lake jeusi la sikukuu. Alikuwa amejiandaa tangu juzi.

"Bwana Duarte, baba yako alisema makubaliano yalikuwa yake na Aurélio."

"Shangazi, hayo ni mambo ya zamani."

"Alisema Aurélio hayupo. Sasa yupo. Twende."

Duarte alitazama saa yake, akautazama ukungu, akamfuata. Ndani, Deolinda alimshika mkono asiteleze. Jembe lilinyamaza. Kapu likageuka.

"Bwana Bernardo!" Aurélio aliita kwa furaha. "Karibu, bwana, karibu. Uangalie hapo ukingoni. Nakaribia, nimeshaanza kusikia unyevu. Bwana, samahani, ile nusu yetu. Inayotazama bahari. Si tumekubaliana? Mke wangu hana amani, unajua tena wanawake wakiwa na mimba."

Duarte alivua miwani, akaifuta ukungu, akaivaa, ikapata ukungu tena. Deolinda alikuwa bado amemshika mkono. Angeweza kusema, mimi ni Duarte. Angeweza pia kunyamaza.

"Tumekubaliana," akasema kwa sauti ya baba yake. "Chimba tu."

"Asante, bwana! Mungu akubariki!"

Jembe likaanza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Nje jua lilikuwa kali. Duarte alikuwa anatafuta leso.

"Umesikia ulichosema?" aliuliza Deolinda.

"Nimemwambia alichotaka kusikia. Keshakufa maskini, shangazi, nimvunje moyo ili iweje?"

"Basi mpe."

"Nimpe maiti ardhi?" Duarte alisema kwa huzuni. "Nani ataandika hati? Kama ingekuwa hiari yangu... Lakini nimeshauza. Nimeuza tangu majira ya kuchipua." Akambusu mashavu yote mawili, akaingia garini. Mchanga ulikuwa umejaa kwenye viatu vyake, akavivua na kuendesha na soksi.

Deolinda hakwenda nyumbani. Alibaki ameketi njiani, gauni jeusi likipata chumvi, mpaka ukungu ukatawanyika na jembe likanyamaza nalo. Kwa miaka yote alikuwa amedhani uongo ule ulizikwa pamoja na mzee Bernardo. Sasa ulikuwa mpya, wa leo, na yeye ndiye aliyeuleta kwa mkono wake.

Asubuhi iliyofuata aliingia kwenye ukungu bila chakula.

"Aurélio," akasema. "Hawatakupa kitu. Wamekudanganya. Toka humo shimoni ukapumzike."

Jembe likasimama.

"Bibi, wewe si ulikuwepo jana? Si umemsikia bwana kwa masikio yako?"

"Nimemsikia."

"Basi."

"Yule si Bernardo. Ni mwanawe. Bernardo alikufa zamani, na wewe ulikufa kabla yake, na shamba limeuzwa, watajenga nyumba za watu wa mjini wanaotaka kuogelea mbali na bahari huku wanaitazama." Pumzi ilimwishia. "Na mimi si bibi. Mimi ni Deolinda."

Kapu lilitulia. Kwenye vitundu vya kapu Deolinda hakuona jicho, aliona giza tu. Halafu Aurélio alinyoosha mkono kutoka shimoni, wenye mchanga mpaka kwenye kiwiko, akaushika mguu wa Deolinda kwa nyuma, pale kisiginoni. Akaushika kwa muda mrefu.

"Ndiwe," akasema. "Umechoka, mke wangu. Mbona umechoka namna hii?"

"Kazi."

"Umeshajifungua?"

"Msichana. Albertina. Yuko Ufaransa."

"Ufaransa! Mtoto mchanga umemwachia nani huko?"

"Ana wajukuu, Aurélio."

Alionekana kulitafakari hilo. Mchanga kidogo ulimwagika kutoka ukingoni ukagonga kapu, kama mvua ya kwanza juu ya bati.

"Sikiliza, Deolinda," akasema hatimaye. "Hayo mengine mimi siyajui, niko chini huku. Lakini bwana kasema, na udongo wa mfinyanzi u karibu, nausikia kwa nyayo. Nikitoka sasa tutakuwa tumechimba bure. Vumilia kidogo. Nipe kapu."

Kapu la kupandishia mchanga lilikuwa hapo ukingoni, na kamba yake. Deolinda alilitazama. Kisha akavua viatu, akapiga magoti, akaliteremsha. Aurélio alilijaza, Deolinda akalivuta. Lilikuwa zito kama alivyokumbuka. Walifanya kazi mpaka jua lilipokula ukungu, na hawakuongea tena isipokuwa mara moja, Aurélio aliposema kutoka chini kwamba kisigino ni kile kile.

Nyumba zilijengwa. Belmiro, aliyekuwa na heshima zake, alipanga kuta zilizunguke shimo bila kulifukia, akaweka vigae mpaka ukingoni. Nyumba zote ziliuzwa haraka isipokuwa ile ya pembeni upande wa bahari, kwa sababu asubuhi haikuwa na mandhari. Ukungu ulikuwa umezoea kuja pale, na kuta hazikuuzuia. Ulipita chini ya mlango, ukajaa sebuleni, ukajipanga kwenye pembe nne za chumba. Mwishowe ilinunuliwa kwa bei nafuu na Daktari Falcão, daktari wa meno kutoka Lisbon, na mkewe Isaura, watu watulivu waliopenda kulala mpaka mchana.

Deolinda alibisha hodi wiki waliyohamia.

"Nimekuja kumsaidia mume wangu," alieleza.

"Ndiyo, wametuambia," alisema Isaura. "Pita, bibi. Naomba ufute miguu."

Wakazoeana. Isaura alihamisha kochi, akanunua ufagio mgumu wa nje. Kila ukungu ulipokuja Deolinda alipita mlango wa mbele, akafuta miguu, akapiga magoti kwenye ukingo wa zulia na kuvuta makapu ya mchanga, na Isaura akautoa mchanga kwa toroli mpaka barazani. Daktari alikunywa kahawa jikoni akisoma gazeti. Wageni wakija aliwaambia, "Msijali, ni mume wake bibi," nao hawakujali.

Siku udongo wa mfinyanzi ulipofikiwa Isaura alikuwa amekwenda sokoni. Aurélio alipiga ukelele uliotikisa glasi kabatini. Alitupa bonge juu ya zulia, la kijivu, lenye maji, linalong'aa. Deolinda alilinusa, akaliweka mfukoni. Kisha akaenda kwenye kipande chake na kukata pingili moja ndefu ya mzabibu wa zamani, ule wa zabibu ndogo nyeusi. Aurélio aliilaza kwenye udongo ule, akaikanyaga kwa kisigino, akapanda juu akirudisha mchanga kidogo kidogo, mpaka akawa amekaa juu ya vigae kama mtu aliyetoka kuoga baharini, na kapu lake kichwani. Alichukua jembe, akaingia jikoni, akaanza shimo jingine.

Mzabibu uliota kwenye zulia. Sebuleni hapakuwa na upepo, lakini haukuthubutu kusimama. Ulitambaa sakafuni mpaka chini ya dirisha la upande wa bahari, ukakaa hapo ukivuta hewa ya chumvi kupitia ufa wa dirisha. Mwaka wa tatu ulizaa. Julai Deolinda alileta vijiti vyake vya matete akaviinua vichala, maana vigae navyo vilikuwa vikipata moto wakati wa jua. Isaura alijifunza kumsaidia. Septemba zabibu zikaiva zote kwa pamoja, nyingi, nyeusi, na vumbi lake la buluu.

Deolinda alikuja na kapu la kuvunia. Daktari Falcão alimpokea mlangoni, naye alikuwa na kapu lake, jipya.

"Bibi Deolinda," alisema, na alisema kwa adabu kabisa, "usije ukanielewa vibaya. Tunakushukuru sana. Lakini zimeota ndani ya nyumba yangu."

"Mume wangu ndiye aliyepanda."

"Sikatai. Ni fundi hodari." Akatazama jikoni, ambako jembe lilikuwa likienda. "Lakini makubaliano na mimi hana, au anayo?"

Deolinda alisema hana. Akavuna, kwa sababu Isaura hakujua kuvuna bila kuponda, na zabibu zikaenda kwenye kapu la daktari. Rafiki mmoja wa daktari alizikamua, akaiacha divai ikae kwenye kapipa. Krismasi ya mwaka uliofuata daktari mwenyewe alitembea mpaka kwa Deolinda na chupa moja yenye utepe mwekundu. Kwenye karatasi ya chupa palichorwa nyumba nyeupe katikati ya wingu. Alimtakia heri, akakubali kipande cha keki, akaondoka.

Deolinda alisubiri ukungu. Uliposhuka alijitia manukato, akachukua chupa, glasi moja na tete jembamba lililo wazi ndani, akapita mlango wa mbele, akafuta miguu. Wenye nyumba walikuwa wamelala. Jikoni Aurélio alikuwa shimoni mpaka kiunoni, kati ya jiko na friji.

"Pumzika kidogo," alimwambia. "Nimekuletea ya shamba lako."

"Kweli? Imeshakuwa?"

"Imeshakuwa."

Aliketi kwenye vigae, akamimina. Ilikuwa nyekundu isiyokolea, kama matofali mapya. Aliweka ncha moja ya tete kwenye glasi na ile nyingine akaipenyeza kati ya fito za kapu, akaisukuma taratibu mpaka akahisi midomo ikiipokea. Divai ikapanda ndani ya tete. Aurélio alinyonya, akaishikilia mdomoni kama wanaume wa zamani walivyokuwa wakifanya penye mapipa, akameza.

"Ina chumvi," alisema.

"Ndiyo."

"Ni ya upande wa bahari hii. Hakuna wa kunidanganya." Akanyonya tena, akaguna. "Lakini changa. Bado inakunja ulimi. Hii iachie miaka kumi, Deolinda, ndipo utaijua. Kumi na tano ndiyo bora."

Deolinda alikuwa na miaka sabini na mbili. Alikunywa kilichobaki kwenye glasi. Ilikunja ulimi kweli.

"Nitaiachia," akasema.

"Na kufikia wakati huo ile nusu itakuwa imeshaandikwa kwa jina letu."

Kutoka chumbani ilisikika saa ya kuamshia ya daktari, kisha mkono ukaizima. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua kwenye pembe za jikoni. Deolinda aliziba chupa kwa kizibo chake, akakigonga kwa kiganja mpaka kikakaza.

"Itakuwa imeandikwa," akasema, akateremsha kapu.